TOCHI IKIFUNGWA KWA VIPANDE VYA KUBAHATISHA, NANI ALIPE?



Katika karakana za Changamwe, na hata za Likoni na Kisauni, kazi ya kuchomelea kwa TIG ni kazi ya kila siku kwa wenzetu wengi. Matangi ya stenlesi, mabomba ya viwandani, vyombo vya alumini, vyote vyataka kazi hiyo. Lakini pamoja nayo kuna jambo ambalo si la haki. Mshono ukitoka na vitundu, fundi huambiwa kwamba mkono wake ni mbovu. Huamriwa arudie kazi bila malipo, au akatwe mshahara kwa bomba lililoharibika. Hapana anayeuliza tochi aliyopewa ilifungwa kwa vipande gani.

Sisi twasema swali hilo ndilo la kwanza kuulizwa.

Si kila ndugu anaijua tochi hii, kwa hiyo yafaa tueleze. Kazi ya TIG ilianza Marekani mwaka 1941, katika kiwanda cha ndege, kwa sababu madini ya magnesiamu yalikuwa yakiharibika yakiguswa na hewa wakati wa kuchomelewa. Dawa ilikuwa kuufunika moto kwa gesi isiyochanganyika na kitu. Siku hizi gesi hiyo kwa kawaida ni argoni. Ncha ya tangisteni hutoa moto wa umeme, na argoni hupita kandokando yake na kutoka katika kikombe cha kauri ili izuie hewa. Hewa ikipenya, hata fundi bingwa hawezi kutoa mshono mzuri.

Sasa, ndani ya tochi mna vipande vidogo vidogo, na kila kimoja kina mwenzake.

Kwanza ni kipimo. Tangisteni huja kwa unene wa milimita 1.6, 2.4, 3.2 na kadhalika. Koleti inayoishika, na bodi ya koleti, lazima ziwe za kipimo hicho hicho. Ukitia tangisteni ya 1.6 katika koleti ya 2.4, haishikwi sawasawa. Itacheza na kurudi ndani, umeme utapita kwa shida, na mwisho koleti itaungua.

Pili ni jamii ya tochi. Tochi namba 17, 18 na 26 hutumia vipande vya jamii moja. Namba 9 na 20 hutumia vya jamii nyingine, vilivyo vidogo zaidi. Havibadilishani. Tena, kutumia vipande sawa si kuwa na nguvu sawa. Namba 17 kwa kawaida ni ya ampea 150, na 26 ni ya ampea 200, zote zikipozwa kwa hewa. Namba 18 hupozwa kwa maji na huchukua hata 350. Anayempa fundi namba 17 na kumtaka afanye kazi ya ampea 200 kutwa nzima, amempa kaa la moto alishike kwa mkono.

Tatu ni lenzi ya gesi. Hiki ni kipande chenye wavu kinachotuliza argoni ili itoke taratibu. Ni kizuri sana, lakini hutaka vikombe vyake. Katika jamii ya 17, 18 na 26 hutaka pia wosha yake, ambayo si ile ya bodi ya kawaida. Ukichanganya, kikombe hakikai sawasawa na gesi hupotea pembeni.

Nne ni hiyo wosha yenyewe, na mpira wa duara ulio katika kofia ya nyuma. Hivi ndivyo vipande vidogo kuliko vyote, na ndivyo vinavyokosekana mara nyingi. Wosha huziba gesi, na pia huzuia umeme na moto kati ya kikombe na kichwa cha tochi. Mpira ukichakaa, hewa huingia kwa nyuma. Dalili yake ni rahisi kuiona: tangisteni inayotakiwa kubaki nyeupe yenye kung'aa hugeuka buluu au nyeusi, na mshono hujaa vitundu.

Tochi ikiwa katika hali hiyo, nyapara hufanya nini? Husema, "Ongeza gesi!" Hapa kwetu pwani amri hiyo hutolewa zaidi wakati wa kusi, upepo unapovuma na kazi ikiwa nje. Lakini gesi ikizidi kipimo huzunguka na kuvuta hewa ndani, na mshono huwa mbaya kuliko ulivyokuwa. Kazi nyingi zatosheka na lita 6 hadi 12 kwa dakika. Dawa ya upepo ni turubai la kukinga, na dawa ya wosha iliyokosekana ni wosha.

Matajiri watasema kwamba vipande hivi vyafanana machoni, na karani wa stoo si fundi wa kuchomelea. Ni kweli, vyafanana. Basi fundi na aitwe stoo kabla ya kununua, aseme namba ya tochi na kipimo cha tangisteni. Wenye karakana ndogo watasema fedha hazitoshi. Na wapige hesabu: wosha moja, au bomba la stenlesi linalotupwa pamoja na argoni iliyomwagika na siku nzima iliyopotea, ghali ni kipi?

Na sheria yasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 6, yamtaka mwenye kiwanda kutoa na kutunza vyombo vya kazi vilivyo salama, na kuwafundisha wafanya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibiwa pale tu mfanya kazi alipofanya kosa kwa makusudi, na kiasi kinachokatwa sharti kiwe cha haki. Fundi aliyepewa tochi isiyo na wosha hakukusudia kuharibu bomba.

Kwa hiyo shauri letu ni hili:

1. Kila tochi iandikwe namba yake, na vipande vya kila jamii vikae katika sanduku lake stoo.

2. Fundi aifungue tochi na kuitazama kabla ya kuanza zamu. Akikuta kipande kimepungua au hakipatani, amwambie mkubwa wake mara moja, na aandike siku na saa. Kama kuna hatari ya moto au umeme, kifungu cha 14 chamtaka aitoe habari hiyo, na mwenye kiwanda haruhusiwi kumrudisha katika hatari ile mpaka imeondolewa.

3. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, sheria yataka pawe na kamati ya usalama. Jambo hili lipelekwe huko, pamoja na ile tangisteni iliyogeuka nyeusi kama ushahidi.

4. Asiyekubali kukatwa mshahara asiende peke yake kwa tajiri. Aende na mjumbe wa chama.

Twapaswa kusema na neno moja kwa mafundi wenyewe. Wako wanaofunga tochi kwa utepe, au wanaolazimisha koleti kwa koleo, ili kazi ipite leo. Ndugu, mwenye kufanya hivyo amsaidia tajiri kuficha upungufu wa stoo, na kesho atakapolaumiwa hatakuwa na la kujitetea. Fundi anayezijua namba za vipande vyake ni vigumu kumwonea. Mafunzo hayo na yafanywe tawini, wazee wa kazi wawafundishe vijana, tochi ikiwa mezani imefunguliwa na kila kipande kikitajwa jina lake.

Umoja ni nguvu.