Janti za kupanuliwa zisibebe watu

Niseme wazi tangu mwanzo, asiwepo wa kuniuliza niko upande gani: gari ambalo janti zake zimekatwa na kuongezwa upana kwa bagete halipashwi kubeba abiria hata mmoja, si kati ya Beni na Butembo, si kwenye barabara ya Kasindi, si ndani ya mji. Mwenye gari lake la kutembelea siku ya Mungu afanye anavyotaka na roho yake mwenyewe. Mimi nazungumzia gari linalomlipisha mama mwenye watoto watatu na godoro juu.

Kwa wale wasioijua kazi hii, nieleze kidogo. Pine za okazio zinazofika sokoni hazifuati mahitaji yetu. Dereva anapata pine pana kwa bei nzuri, anainunua, halafu janti yake inaikataa. Badala ya kutafuta janti ya kipimo, anaipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Fundi anaikata mzunguko mzima, anatia mkanda wa chuma katikati, anachomelea pande zote mbili, anasugua, anapaka rangi. Rangi ikikauka, msafiri hawezi kuona kitu. Wengine, vijana hasa, hawana hata shida ya pine. Wameona kwenye simu magari ya zamani ya michezo, yamekaa chini, magurudumu yametoka nje kama miguu ya chura, na wanataka taksi yao ifanane nayo.

Ukiwauliza, jibu la kwanza ni hili: hata kule ng'ambo wanafanya. Ni kweli, wanafanya. Chukua Datsun 240Z, gari la michezo lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 1969. Wazee waliofuatilia mbio za Safari za Afrika Mashariki wanalikumbuka: lilishinda mwaka 1971, likashinda tena mwaka 1973. Aliyeliendesha mwaka 1973 ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye mwaka mmoja kabla ya hapo yeye na familia yake walihamia Kenya, wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia. (Nalitaja hilo juu ya wale wanaodhani kwamba mtu aliyekimbia kwao anajua kupanga mstari wa unga tu.)

Gari hilo liliuzwa likiwa na janti za chuma za inchi 14, na upana wake ulikuwa inchi 4 na nusu tu. Nyembamba. Kwa hiyo wapenzi wa magari ya namna hiyo, ya Kijapani, ya Kiingereza na ya Kijerumani, walizoea tangu zamani kupanua janti za chuma ili zivae pine pana na bado zibaki na sura ile ile ya kiwandani. Mimi sina neno nao.

Lakini tazama namna wanavyofanya. Janti ya chuma ni vipande viwili: sahani ya katikati yenye matundu ya bolti, na pete ya nje inayoshika pine. Hata kiwandani vipande hivyo vimeungwa kwa moto, kwa hiyo kuunga chuma si dhambi. Fundi wa kule anaifunga janti kwenye mashini ya kuchongea, anaikata huku inazunguka ili mkato usipinde. Mkanda anaouingiza umekunjwa kwa kipimo. Anachomelea kidogo huku, kidogo upande wa pili, kwa sababu chuma kikipoa kinavuta, na kikivuta upande mmoja janti inapinda. Kisha anaizungusha tena, saa ya kupimia ikigusa ukingo, na ikiyumba kupita milimita moja anaianza upya. Anatia pine, anajaza upepo, anaizamisha kwenye maji, anatafuta mapovu. Na baada ya kazi hiyo yote, gari linatoka siku ya Mungu kwenye lami, watu wawili ndani, bila hata gunia moja la makala juu. Huko Ujerumani mkaguzi lazima azione janti hizo na ziandikwe kwenye karatasi za gari, la sivyo gari halina ruhusa ya kutembea.

Kwetu janti imelazwa chini, imeegemezwa kwenye jiwe. Jicho ndilo mita. Gurupu ikipungukiwa nguvu katikati ya kazi, mshono unabaki na vitundu, na vitundu vinafunikwa na rangi. Sisemi hivyo kwa kuwadharau mafundi wetu. Ni wao wanaotutengenezea milango na vitanda, na wanainua chasi za Fuso zilizovunjika mahali ambapo wengine wangeliacha gari lioze. Mikono wanayo. Hawana chombo cha kuwaonyesha kama kazi imetoka sawa, na katika kazi ya gurudumu, fundi asiye na chombo hicho anabahatisha.

Tufanye hesabu. Gurudumu lenye sentimita 60 hivi, kutoka juu hadi chini, linasogea karibu mita 1 na sentimita 88 kila linapozunguka mara moja. Kutoka Butembo hadi Beni ni zaidi ya kilomita 50. Hiyo ni mizunguko zaidi ya 26 000, kwenda tu, bado kurudi. Katika kila mzunguko uzito wa gari unaukunja mshono kidogo na kuuachilia. Kila mtoto amewahi kuvunja waya kwa kuukunja huku na huku. Anajua kwamba haukatiki mara ya kwanza. Dereva anayejisifu kwamba ametembea na janti yake mwezi mzima bila shida ananiambia tu kwamba waya umekunjwa mwezi mzima.

Na upana wenyewe unakwenda wapi? Mara nyingi unatokezwa nje, kwa sababu ndani kuna stamparti na breki. Ukiitoa janti kutoka inchi 4 na nusu hadi inchi 6, na nyongeza yote ikawa nje, katikati ya pine inasogea karibu milimita 19 kutoka mahali ilipopangiwa. Inaonekana ni kidogo. Lakini rulema zilipimwa kubeba uzito mahali fulani, na sasa uzito huo unaning'inia pembeni, siku zote, kwenye kila shimo. Usukani unakuwa mzito na unavuta. Halafu tunasikia kwamba rulema za siku hizi ni mbovu.

Linaloniudhi kuliko yote ni mpira wa ndani. Pine nyingi za leo hazina mpira wa ndani. Ni janti yenyewe inayozuia upepo. Mshono ukianza kupasuka, upepo unavuja. Dereva anaamka asubuhi, pine iko chini. Hilo ni onyo, na ni onyo jema kuliko yote ambayo chuma kinaweza kutoa kabla ya kuvunjika. Dereva wetu anafanya nini? Anatia mpira wa ndani. Upepo hauvuji tena, roho yake inatulia, na ufa unaendelea kutembea kimya chini ya mpira mpaka siku janti itakapofunguka kwenye mteremko. Amelipa pesa ili asisikie onyo.

Kuna na hatari nyingine, hii ikiwa ya gareji yenyewe, na hapa nawaomba wazazi wasome polepole. Kuna wanaochomelea janti bila kutoa pine. Wanasema wameondoa upepo, inatosha. Haitoshi. Moto ukipasha chuma, mpira ulio ndani ya pine unaanza kuungua pasipo kuonekana, unatoa gesi zinazowaka, na pine inaweza kulipuka kama bomu. Si lazima ilipuke papo hapo. Inaweza kungoja mpaka bagete imewekwa chini na watu wameketi kupumzika. Pine inapashwa kuondolewa kabisa kwenye janti kabla ya moto wowote. Na ni nani wanaoketi karibu na magurudumu hayo? Vijana wa miaka kumi na miwili, kumi na minne, wengi wao wa familia zilizokimbia, wanaoshika janti ili isiteleze, wapate franka za kununua mkate.

Madereva wana hoja moja ninayoiheshimu. Wanasema barabara zetu zimeharibika, gari lenye magurudumu yaliyotanuka linasimama imara, halipinduki haraka. Kuna ukweli ndani yake: gari lililotanua miguu linapinduka kwa shida kidogo zaidi. Lakini tazama kinachopindua magari yetu. Juu ya paa kuna magunia manne, baiskeli, mbuzi na godoro, na ndani wamejaa watu kumi. Unapunguza mzigo wa juu kwanza, ndugu yangu, ndipo uzungumze nami juu ya kusimama imara. Sentimita mbili za janti hazishindani na magunia manne.

Hoja ya pesa siiheshimu sana. Anayesema hana pesa ya janti za okazio zenye kipimo cha gari lake amekwisha kulipa pine, mkanda wa chuma, bagete, mafuta ya gurupu na rangi. Aulize bei kabla ya kukata.

Sheria ipo. Kanuni ya barabara ya nchi yetu ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na kabla yake na baada yake akili ya kawaida inasema gari la kulipisha watu liwe zima. Kwenye bariere, karatasi zinaangaliwa mbele na nyuma, hata picha ya leseni inalinganishwa na uso. Kuinama na tochi nyuma ya gurudumu kunachukua dakika moja. Janti ya kiwandani ina mshono pale sahani inapokutana na pete. Ukikuta mshono wa pili unaozunguka pete nzima, mbali na sahani, umeongezwa na mtu. Rangi inadanganya jicho, lakini pitisha kidole: utasikia uvimbe. Polisi wa rulaje wanaweza kufanya hivyo. Vyama vya madereva vinaweza kufanya hivyo kwenye parking kabla gari halijapewa zamu, na gari lenye janti hiyo likose zamu mpaka libadilishe.

Najua mtaniambia abiria naye ajichunge, achague gari. Yule anayekwenda sokoni na muda wake anaweza kuchagua. Lakini wasikilizaji wetu wengi hawakuchagua hata siku ya kusafiri. Risasi zikilia usiku huko kijijini, unaingia gari lililopo, unamshukuru dereva, unalipa anachotaka. Hakuna anayeinama kuangalia janti. Kwa hiyo kazi ya kuinama ni ya wale walio na nafasi ya kuifanya mchana, kabla ya usiku huo.

Na janti zilizokwisha kupanuliwa? Zitolewe kwenye magari ya watu, zipelekwe kwenye mikokoteni ya maji, zigeuzwe mbabula. Shule nyingi zinaita watoto kwa janti iliyotundikwa kwenye mti, na janti yenye upana inalia vizuri.

Jumamosi hii, baada ya habari za asubuhi, nimewaomba mafundi wa kuchomelea na madereva waje studio kujibu haya niliyoandika. Wanaonikasirikia waje wa kwanza. Fundi anayesema kazi yake haina kasoro alete janti moja aliyoipanua, bila pine, na tutaizungusha hapo mbele ya mikro, kila mtu ajionee kama inayumba.