Pesa Iwekeni Kwenye Draiva

Ndugu zangu, mchicha unaota hata chumbani hapa Uingereza wakati wa baridi, ukiuundia taa. Ila msidanganyike na taa za zambarau. LED nyeupe zinatosha, na jani likiugua utaliona.

Mwaka jana nilinunua chipu za bei mbaya, nikabana kwenye draiva: nikaziunga kwenye chaja kuukuu ya volti zisizobadilika. Zilivyopata moto zikavuta umeme zaidi, mwisho zikaungua. Bahati chumba hakikuungua pia! Chipu 12 za wati 3, zikifuatana, zinataka kama volti 36. Tafuta draiva inayoshikilia miliampea 700 kati ya volti 24 na 42, na alumini nene ya kupozea. Jamani, rahisi huvunja upishi.