Lista isomwe mbele ya watu



Leo tunataka kuongea juu ya lista. Kila aliyekimbia vita huku kwetu, awe wa Palma, Mocímboa da Praia, Macomia au Quissanga, anajua lista ni nini. Jina likiwemo, unapata mchele, maharage, mafuta, turubai. Jina lisipokuwemo, unarudi na gunia tupu na watoto wanakutazama.

Juzi juzi jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, alifika siku ya mgao akaambiwa jina lake halipo. Mgao uliopita lilikuwepo. Akauliza, akaambiwa aende kwa aliyeandika. Akaenda. Yule bwana akamjibu kwa upole kabisa: "Sasa mama, hata refresku hakuna?" Refresku ni soda, lakini sote tunajua hapo hakuna aliyekuwa na kiu. Mama hakuwa na kitu, akarudi. Hatutaji bairro wala shirika, maana mama yule bado anaishi palepale, na lista ijayo itaandikwa na mkono uleule.

Tukisema rushwa, watu wengi wanafikiria wakubwa wa Maputo. Ni kweli, wapo. Madeni ya siri ya mwaka 2013 na 2014, kama dola bilioni 2, yalichukuliwa kwa jina la boti za kuvua jodari na kulinda pwani. Pwani ikiwemo hii yetu! Manuel Chang, aliyekuwa waziri wa fedha, alikutwa na hatia mahakamani New York mwaka 2024. Tulifurahi. Lakini kesi ile haikurudisha jina la mama yetu kwenye lista. Mkubwa anachunguzwa na wakubwa wenzake. Huyu mdogo mwenye kalamu na daftari, anachunguzwa na nani?

Sheria ipo. Tarehe 14 Agosti 2012 Msumbiji ilitoa Sheria namba 16/2012, sheria ya uadilifu wa watumishi wa umma. Ilikataza mtumishi kutumia cheo kujinufaisha au kupendelea ndugu zake, na ilitaka ziwepo kamati za maadili ndani ya taasisi za umma, juu yake ikiwepo kamati kuu. Siku hiyohiyo ilitoka Sheria namba 15/2012, ya kuwalinda mashahidi na wanaotoa taarifa. Ipo na ofisi ya kupambana na rushwa chini ya waendesha mashtaka. Kwenye karatasi tumelindwa vizuri sana.

Shida ni njia ya kufika huko. Mwenye kuandika lista mara nyingi ni sekretario wa bairro au kiongozi wa jadi. Hawa serikali iliwatambua kama viongozi wa jamii kwa Dekreti 15/2000, lakini hatujamwona mtu wa kamati ya maadili akija kuwauliza kitu. Juu yao yupo msimamizi wa wilaya, ambaye huteuliwa. Uchaguzi wa wilaya uliotarajiwa 2024 uliahirishwa na Bunge mwaka 2023. Basi kura ya kumwondoa hatuna. Na shirika nalo linasema: "Lista tumeletewa na viongozi wenu." Viongozi wanasema: "Mwenye chakula ni shirika." Mama anazunguka katikati kama mpira.

Haya hayakuanza leo wala hayako kwetu tu. Mwaka 2019, baada ya kimbunga Idai, Human Rights Watch iliripoti kwamba wanawake waliulizwa ngono ili wapewe chakula. Mwaka huohuo ikaanza Linha Verde, simu ya bure namba 1458, ya kupeleka malalamiko ya misaada. Tunaisifu, na asiyeijua aiandike sasa hivi. Lakini simu inataka chaji, inataka mtandao, inataka na moyo. Unapiga leo, kesho unakutana kisimani na mke wa uliyemshtaki.

Sasa tuseme na yetu, tusijifanye malaika. Mmoja wa kikundi chetu alipata kazi ya muda ya kuandikisha watu. Alipomaliza tukasikia maneno, tukamwita. Alikuwa ameandika shangazi, binamu, na rafiki mmoja ambaye nyumba yake haikuguswa na vita. Tukamuuliza kwa nini. Akacheka: "Mbuzi hula urefu wa kamba yake." Methali hii iko kwa Kiswahili na iko kwa Kireno, kila mtu huku anaisema kama vile ni sheria. Tulikaa kimya, kwa sababu wengine wetu tulijua tungefanya vilevile. Hata sekretario naye ni mkimbizi, naye ana njaa, na ndugu zake wanamgongea mlango usiku. Mgao umekatwa mara nyingi kwa kukosa fedha. Chakula cha watu mia kikiletwa kwa watu mia tatu, mwenye kalamu anakuwa mfalme hata kama hakutaka.

Kwa hiyo hatuombi watu wema tu. Hata mtu mwema anahitaji macho ya wenzake.

Wengine wetu tulivuka Ruvuma wakati wa vita, tukakaa Mtwara kwa jamaa. Kule wana jambo wanaloliita kusomewa mapato na matumizi. Kwa utaratibu wao, kila miezi mitatu mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa usomewe kilichoingia na kilichotoka. Si kila kijiji kinafanya, na wapo wenyeviti wanaokwepa. Lakini mwanakijiji ana neno la kusimama nalo: "Mwenyekiti, mbona hujatusomea?" Sisi neno hilo hatuna.

Ndiyo tunasema: lista isomwe mbele ya watu kabla haijapelekwa. Isomwe kwa Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili. Watu wasikie, waseme: huyu alishahama, huyu yupo mara mbili, huyu mjane mmemsahau.

Dada na kaka wa mashirika wametuambia kwamba majina hadharani ni hatari. Ni kweli, hii ni nchi ya vita, na karatasi ya majina ukutani inaweza kuchukuliwa na yeyote. Basi msibandike majina. Someni kwa mdomo, wakiwepo wakaazi wa eneo hilo tu. Wanaoogopa zaidi waitwe kwa namba ya kadi. Ukutani bandikeni idadi: kaya ngapi zimeandikwa, kaya ngapi zitapata, na sifa zilizotumika kuchagua. Idadi haimuui mtu.

Pili, anayeandika lista asiwe anayepokea malalamiko. Tumeona meza ya malalamiko siku ya mgao, na aliyekaa nyuma yake ni yuleyule sekretario. Nani atasema? Wakae akina mama wawili na vijana wawili waliochaguliwa na watu, na mwanamke akitaka kusema na mwanamke mwenzake faraghani, apewe nafasi.

Tatu, majibu yarudi. Mmepokea malalamiko mangapi mwezi huu, mmefanya nini? Tusomeeni na hayo.

Nne, kwa serikali ya wilaya na ya manispaa: kamati ya maadili, kama ipo, ijitambulishe. Njooni kwenye bairro, mseme majina yenu na siku mnazosikiliza watu.

Sisi tumeshaanza kwetu. Yeyote wa kikundi akipata kazi ya kuandikisha, haandiki bairro anakokaa, na ndugu yake akistahili anaandikwa na mtu mwingine. Yule mwenzetu ndiye aliyependekeza kanuni hii, baada ya kurudi mwenyewe kufuta jina la rafiki yake. Urafiki wao bado haujapona.

Na mama wa watoto wanne? Tulimsindikiza hadi ofisini, tukiwa sita. Jina limepokelewa tena, tunangoja mgao ujao. Tutakwenda kusikiliza likisomwa. Na wewe unayesoma hapa, kwenu siku ya lista, uliza tu kwa adabu: "Mzee, tunaomba utusomee."