MAJINA YA WAPAGAZI YAANDIKWE MNARANI



Mwezi wa Juni 2022, huko Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani mzee Kaporali Albert Kunyuku, askari wa mwisho aliyejulikana kuwa hai kati ya wale wa Force Publique waliokwenda Vita ya Pili. Vita ile ilikwisha mwaka 1945. Hesabuni wenyewe: heshima ilikawia miaka 77. Sisi makarani tunajua kwamba mshahara ukikawia hivyo, wenye kuupokea wamekwisha kuzikwa.

Kwa hiyo tunasema waziwazi: mnara wa ukumbusho ujengwe huku kwetu, Masisi na Walikale, kwa ajili ya askari na wapagazi waliotoka katika vijiji vyetu. Kinshasa ni mbali. Mjukuu wa mpagazi wa Walikale hatafika kule kuweka ua.

Shuleni kwa mapadri tulikariri kwamba Jenerali Tombeur alishika Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Jina la aliyembebea sanduku hatukufundishwa. Risasi, unga, hata mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, vilipita milimani juu ya vichwa vya watu. Katika Kongo nzima wapagazi wa vita ile walizidi 200,000, na wengi waliangushwa na njaa, baridi na kuhara damu kuliko risasi. Nairobi wana sanamu tangu mwaka 1928, na mpagazi amesimama pale pamoja na askari. Ni vema, lakini hata yeye hana jina.

Wako wanaosema: hao walimtumikia Bula Matari, tuwaheshimu kwa nini? Hatuwadharau wanaouliza hivyo. Wengi wa wazee wetu hawakuombwa, walishikwa. Waliitwa kufia nchi ambayo haikuwapa kura wala haki ya raia. Basi mnara uandike hivyo hivyo, usiimbe sifa za bendera ya mkoloni.

Na wachimbaji je? Wajapani walipoteka Malaya mwaka 1942, bati la Kivu na Maniema likatafutwa sana, na mwaka ule ule siku za kazi ya lazima vijijini zikapandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Sisi tungependa jiwe moja la kasiteriti lijengwe katika ukuta wa mnara. Baadhi ya wenzetu ofisini wanakataa, wanasema koleo si bunduki. Tumebishana mpaka taa ikazimika, na hatujapatana.

Lakini sharti moja hatulilegezi. Majina yaandikwe kwa vijiji, si kwa makabila. Katika Masisi damu nyingi imekwisha kumwagika kwa swali la nani ni mwenyeji. Wala kikundi chochote chenye bunduki leo kisije kutundika bendera yake hapo na kujiita mrithi wa wazee hao.

Kazi ya kwanza haitaki saruji, inataka daftari. Kila aliyesimuliwa habari za babu aliyekwenda Tabora, au Mahenge mwaka 1917, au Saio kule Ethiopia mwaka 1941, au Burma, alilete jina lake kwa karani wa machimbo au kwa mwalimu wa kijiji. Ataje kijiji, na aseme ni nani aliyemsimulia. Aje jioni, baada ya king'ora cha kazi. Hatutadai hata franga moja.