Kijijini bila gari lako?

Maofisa wanaohamishiwa wilayani wana msemo wao: mjini utapanda daladala, ila kijijini bila gari lako umekwisha. Basi mwalimu anakopa, ananunua IST, makato yanautafuna mshahara, halafu masika yakichanganya anaiacha Mbalizi kwa jamaa yake na kupanda bodaboda kwenda Umalila kazini. Tairi la nyuma limeviringishiwa mnyororo lisiserereke kwenye tope. Mbele ya dereva kuna kiroba cha viazi, na kuku wananing'inia kwenye usukani. Inafika.

Hapo mwenye usafiri ni nani?

Vijiji vya Mbeya na Iringa vinaishi bila gari binafsi miaka yote. Watu wanakwenda gulioni na zahanati kwa Noah, kwa kirikuu, kwa pawatila kule Mbarali, na zaidi ya vyote kwa miguu. Kuuliza kama usafiri huo unawezekana ni sawa na kuuliza kama ugali unalika.

Na jambo hili lilishachunguzwa. Miaka ya 1980, Makete ikiwa bado Mkoa wa Iringa, mradi wa Shirika la Kazi Duniani uliwafuata wanavijiji katika safari zao. Nyingi hazikufika hata barabarani: maji, kuni, shamba, mashine ya kusaga, na mzigo uko kichwani kwa mama. Mradi ukatengeneza njia za miguu, ukaleta punda. Leo diwani bado anaomba kura kwa kuahidi greda.

Mgonjwa wa usiku je? Hoja nzito, lakini ina jibu. Kwa wajawazito na watoto wachanga upo mfumo wa m-mama: unapiga 115 bure, na gari la wagonjwa likikosekana anaitwa dereva wa hapohapo aliyesajiliwa. Gari la mtu mmoja linaokoa kata nzima.

Sikatai, bodaboda zinaua, na Noah hushindilia watu kama hakuna sheria. Lakini nani amezishughulikia? TARURA ikishachonga barabara, Noah itapita saa ngapi na masika nauli itakuwa kiasi gani, anaamua konda. Halmashauri zianzie hapo, na kwenye vivuko vya miguu. Mwalimu naye apewe posho ya nauli ya bodaboda, aachane na fomu ya mkopo.