Madoa ya Uzee Yasiachiwe Wauza Mkorogo

Mwanamke aliyevuka miaka 50 anapomwonyesha tabibu madoa ya kahawia yaliyomtokea mashavuni au juu ya mikono, jibu analopewa mara nyingi ni fupi: huo ni umri tu, hayana madhara. Huenda jibu hilo ni sahihi kitabibu, lakini halitoshi. Asiyesikilizwa zahanati husikilizwa sokoni, na sokoni dawa iliyo tayari ni mkorogo. Kwa sababu hiyo, madoa ya uzee yanastahili nafasi katika huduma za kawaida za afya, badala ya kuhesabiwa kuwa suala la urembo.

Jina lenyewe linapotosha. Chanzo kikuu cha madoa hayo ni miale ya jua ambayo ngozi imeipokea kwa miongo mingi. Ndiyo maana hutokea usoni, shingoni na mikononi, na ni nadra kuonekana mahali panapofunikwa na nguo. Zaidi ya hayo, katika ngozi nyeusi kinachoitwa doa la uzee mara nyingi ni kitu kingine: mabaka ya melasma, alama iliyoachwa na chunusi au upele, au vinundu vidogo vyeusi vya mashavuni ambavyo huonekana katika ukoo mmoja kizazi hata kizazi. Kila hali ina tiba yake, na vinundu hivyo haviondoki kwa kupaka krimu.

Muuza mkorogo hafanyi upambanuzi huo. Mchanganyiko wake waweza kuwa na zebaki, ambayo hudhuru figo na neva. Steroidi kali kama klobetasoli, ambayo hukondesha ngozi na, ikitumika muda mrefu, huweza kupandisha shinikizo la damu na sukari. Au haidrokwinoni, ambayo matumizi yake ya kupita kiasi huishia katika weusi wa samawati usiotibika kwa urahisi. Aliyetaka kuondoa doa moja hubaki na uso mzima wenye madoa. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini marufuku pekee haijaondoa hitaji linalowapeleka watu kwa muuzaji.

Wapo watakaosema kwamba vituo vyetu vimelemewa na malaria, kifua kikuu na uzazi, na kwamba mabingwa wa ngozi ni wachache. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kinachodaiwa hapa si mashine za leza kila wilaya. Ni dakika chache za maswali: doa lilianza lini, limebadilika vipi, mgonjwa anapaka nini? Dakika hizo zaweza kuokoa uhai. Saratani ya ngozi iitwayo melanoma, inapowapata watu weusi, hupenda kujitokeza kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo wengi hawatazami. Doa linalopanuka, lenye kingo zisizo sawa, linalobadilika rangi au kutoa damu halipakwi kitu. Mwenye nalo hupewa rufaa mara moja.

Hata tiba ya hospitali inahitaji uangalifu. Kugandisha doa kwa naitrojeni baridi ni njia ya kawaida kwa ngozi nyeupe, lakini seli za rangi hufa kwa baridi isiyoua seli nyingine, hivyo ngozi nyeusi huweza kubaki na baka jeupe. Krimu za asidi ya azelaiki au tretinoini, zikisimamiwa na daktari, huenda polepole na huhitaji subira ya miezi.

Kinga ni nafuu kuliko yote hayo: kofia pana, mwavuli, mtandio, mikono mirefu, na kuepuka jua la saa nne hadi saa kumi. Mwenye uwezo apake kinga ya jua yenye SPF 30 au zaidi, na airudie kila saa mbili akiwa nje. Kwa watu wenye ualbino kinga hiyo si hiari, ni uhai.

Basi wauguzi na matabibu wafundishwe kutazama ngozi, na wafamasia wakatae kuuza steroidi kali pasipo cheti cha daktari. Mgonjwa anayeelezwa kwa heshima kwamba doa lake si hatari, na kwa nini, hana sababu ya kwenda kununua hatari.