Nani katudanganya kwamba makengeza ni kisu au basi?

Wadau, leo nina hasira kidogo. Mnivumilie.

Jumapili nilikuwa kwenye sherehe ya kipaimara huko Tabata. Meza ya pili kulikuwa na mtoto wa miaka kama mitatu, jicho moja linakutazama wewe, jingine limeelekea puani. Bibi mmoja akasema ndivyo alivyoumbwa. Shangazi akadai akikua yatapotea. Baba mtu akafunga mjadala: "Mwanangu hachanwi jicho na mtu." Watu wakacheka, soda zikaendelea.

Mimi sikucheka. Mdogo wangu naye alisubirishwa hivyo hivyo. Leo ana miaka 22, na kwa jicho lake la kushoto hawezi kusoma hata kichwa cha habari cha gazeti ninaloandikia. Hakupata ajali. Tulisubiri tu.

Jamani, nani kasema njia ni mbili tu, kisu au kudra? Kuna watoto ambao macho yao hujikaza mno ili waone vizuri, na katika kujikaza jicho linavutika ndani. Hao miwani peke yake inaweza kuwanyoosha. Wengine ubongo umeanza kulipuuza jicho lililopinda. Hao huzibwa lile zima ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Plasta hainyooshi jicho, inaokoa uwezo wa kuona. Na si adhabu ya kutwa: utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwa udhaifu wa wastani, saa 2 kwa siku zilisaidia sawa na saa 6. Mwaka mmoja kabla, mwingine ulionyesha matone ya atropini kwenye jicho zima yanakaribiana na plasta.

Hata Botox, ambayo nyie mnaijua kwa mastaa wanaoficha mikunjo, ilianzia hapa. Daktari Alan Scott wa San Francisco alikuwa anatafuta namna ya kutibu makengeza bila kupasua, akawa anachoma sindano kwenye msuli wa jicho. Marekani iliiruhusu kwa kazi hiyo mwaka 1989. Urembo ulikuja baadaye.

Sina ugomvi na kisu. Yapo makengeza yasiyonyooka bila upasuaji, hata kwa watu wazima. Na daktari hachani mboni wala hang'oi jicho. Anarekebisha misuli ya nje, ambayo kila jicho linayo 6.

Ugomvi wangu ni na kusubiri. Macho ya kichanga kuyumba miezi ya mwanzo ni kawaida. Yakibaki yamepinda baada ya mwezi wa nne, huo si umbo, ni wito wa kwenda kwa daktari wa macho. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona miaka ya mwanzo, na kila mwaka unaopita matibabu yanakuwa magumu zaidi. Tena wakati mwingine makengeza ndiyo dalili ya kwanza ya saratani ya jicho. Hapo kusubiri kunaua.

Yule baba nilimfuata nje nikamweleza haya yote. Akaniuliza, "Kwani wewe daktari?" Nikamjibu mimi mwandishi tu. Akanipa mgongo.

Basi nawaambia nyie. Kama nyumbani kwenu yupo mtoto wa namna hiyo, Muhimbili, CCBRT, KCMC na Bugando wapo madaktari wa macho. Mpelekeni wiki hii, halafu ndiyo mbishane na mimi.